Ukikimbia ugenini Ukambani, mwenzako ndiye kinga yako

WATU wengi wa mjini siku hizi wamezoea kukimbia asubuhi kwa ajili ya afya, na wangependa kuendelea hata wanapowatembelea marafiki mashambani. Ikiwa umealikwa Kitui au Makueni, beba viatu vyako vya raba. Lakini hata uwe hodari namna gani, usitoke kukimbia peke yako.

Joto

Mji wa Kitui uko zaidi ya mita 500 chini ya Nairobi, na sehemu za Makueni kama Makindu na Kibwezi ziko chini zaidi. Mtu anayetoka Nairobi huona pumzi zikija kwa urahisi kidogo, naye huongeza mwendo. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto, na mgeni wa wikendi hana muda huo.

Ni kweli kwamba Kitui imetoa wakimbiaji wa kusifika. Benson Masya, mzaliwa wa huko, alitwaa ubingwa wa dunia wa nusu marathoni mashindano hayo yalipofanyika mara ya kwanza mwaka wa 1992. Lakini usipimane na watu wa aina hiyo.

Ubaya wa joto ni kwamba linapokuzidi, akili yako huvurugika kabla hujatambua. Mwenzako ndiye atakayeona. Kimbieni kwa mwendo unaowaruhusu kuzungumza. Mmoja akianza kupepesuka, kujibu mambo yasiyoeleweka au kukasirika bila sababu, simameni mara moja.

Mpeleke kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima na kumpepea, huku ukipiga simu kutafuta gari. Usingoje kufika hospitali ndipo aanze kupozwa, maana joto la mwili likipita nyuzi 40 kila dakika ina thamani. Ikiwa amezirai, usimnyweshe kitu chochote.

Kila mmoja abebe angalau nusu lita ya maji, na anywe kulingana na kiu. Yanunueni mjini kabla ya kwenda. Katika sehemu nyingi za Ukambani maji huchotwa mbali, mara nyingine kwa kuchimba mchanga wa mto uliokauka, na si vizuri mgeni kummalizia mwenyeji mtungi wake.

Nyoka

Huenda ukafikiri dawa ya joto ni kutoka alfajiri kukiwa bado na giza. La. Nyoka aina ya kifutu, mnene na mzito wa kuondoka, hupenda kulala kwenye vijia, na rangi yake hufanana na majani makavu. Ngojeni kupambazuke, mtoke kama saa kumi na mbili na nusu, na muwe mmerudi kabla ya saa mbili. Fuateni barabara pana ya vumbi badala ya kukata njia vichakani.

Mmoja akiumwa, asitembee, kwa kuwa kutembea huharakisha sumu mwilini. Mvue viatu na pete kabla hajavimba, na mguu usitikisike. Usichanje jeraha, usinyonye sumu wala usifunge kamba ya kukaza. Mwite mwenyeji alete gari au, ikishindikana, pikipiki, huku mgonjwa akishikwa katikati. Jioni ya kuamkia mbio, muulizeni mwenyeji ni hospitali gani ya karibu iliyo na dawa ya kuzima sumu ya nyoka.

Mito ya mchanga

Mito mingi ya huko huwa mikavu kwa miezi, na mchanga wake huvutia mkimbiaji. Lakini mvua ikinyesha mbali milimani, maji huweza kufika ghafla mahali ambapo hakujadondoka hata tone. Desemba 4, 2021, basi lilisombwa na Mto Enziu karibu na Mwingi na watu zaidi ya 30 wakafa. Ikiwa maji yanapita, hata ya magotini, msivuke. Geukeni mrudi.

Mwenyeji ajue

Msiondoke kimyakimya wengine wakiwa wamelala. Mwambieni mwenyeji mnapita njia gani na mtarudi saa ngapi, na mkubaliane kwamba muda huo ukipita, atawatafuta. Yeye ndiye anayejua boma lenye mbwa wakali na mahali ambapo simu haishiki. Mkikutana na wazee njiani, punguzeni mwendo muwasalimu. Watu waliowaona na kuwajua ndio watakaowasaidia mkipatwa na shida.

Dakika 30 za mbio za polepole zinatosha kwa siku ya kwanza. Na kama mwenzako hajisikii vizuri asubuhi hiyo, usiende bila yeye. Tembeeni pamoja hadi sokoni, mrudi mnywe chai.