Nyundo Si Chombo cha Beringi

Husemwa kwamba mchagua jembe si mkulima. Fundi wa baiskeli asiifuate methali hiyo, hasa akiwa Ntinda, jijini Kampala, ambako mpandaji aukabilipo mwinuko wa Naguru nguvu za miguu yake zote huangukia ekseli ya pedali.

Baiskeli nyeusi za chuma, zilizowalisha wachukuzi wa bodaboda tangu siku za mwanzo kule Busia mpakani, vikombe vya beringi zake hufungwa kwa hesi, spana yatosha. Lakini baiskeli nyingi za mashindano za siku hizi hazina hesi hapo. Kikombe hushindiliwa katika tundu la fremu, ambalo kwa aina moja iliyoenea lina kipenyo cha milimita 41, nacho hushikwa kwa kubanwa tu.

Hapo nyundo ni adui. Pigo likienda upande, kikombe hukaa mshazari. Likiangukia pete ya ndani, gololi huichimba njia yake. Leo hakuna kinachoonekana. Baadaye huja mlio, kisha tundu hulegea, na fremu hainunuliwi kwa bei ya beringi.

Chombo kifaacho ni fimbo ya chuma yenye hesi, nati, na sahani mbili zinazosukuma ukingo wa nje peke yake. Safisha tundu, kaza polepole. Ukiona mshazari, simama, uanze upya.

Ndugu fundi, chombo hicho mchonga vyuma wa mtaani aweza kukutengenezea. Mteja amekukabidhi mali yake. Asilipie haraka yako.