Mawe Mawili, Anguko Moja?

Waswahili husema duniani wawiliwawili. Ukimwona mtu Muttrah kafanana na mjomba wako wa Unguja, si lazima wawe ndugu. Msemo huo unawafaa sana wanaotafuta vimondo katika majangwa ya Oman. Wakiokota mawe mawili yaliyofanana, swali la kwanza ni hili: yalianguka pamoja, au kila moja lilikuja kwa safari yake?

Kwa wengi wetu neno kimondo huleta picha ya Mbozi, kusini magharibi mwa Tanzania: pande moja la chuma lenye uzito wa zaidi ya tani 10, limekaa peke yake. Pale hapana mjadala. Lakini vimondo vya mawe mara nyingi hupasuka angani, na vipande vikatawanyika kilomita nyingi. Na katika nyanda za Dhofar, Jiddat al Harasis na Sayh al Uhaymir, ardhi ni ya chokaa, rangi yake ni nyeupe na mvua ni haba. Jiwe jeusi huonekana kwa mbali, na huweza kudumu makumi ya maelfu ya miaka. Hivyo vipande vya maanguko mengi, ya enzi mbalimbali, vimelala jirani. Kila kimoja hupewa jina la eneo na namba yake. Kazi ya kutafuta nani ndugu wa nani huja baadaye.

Ushahidi wa kwanza ni mahali. Kimondo kinapopasuka, vipande vizito husonga mbele zaidi na vyepesi hubaki nyuma, hata eneo likawa na umbo la yai refu. Timu ya Oman na Uswisi, iliyoanza msako wake mwaka 2001, iliukuta mpangilio huo kwa kimondo cha Jiddat al Harasis 073: zaidi ya mawe 3,400, kilo 600 na ushei kwa jumla, katika eneo la kilomita 19 kwa 6.

Ushahidi wa pili ni aina ya jiwe. Hadubini na vipimo vya kemia huonyesha kiasi cha chuma katika madini ya olivini, na alama za migongano ya kale. Mawe yakitofautiana hapa, kesi imekwisha: si ndugu. Yakifanana, kesi bado, maana vimondo vingi vinavyoanguka duniani ni vya aina moja kubwa iitwayo kondraiti. Kutu nayo isitudanganye. Jiwe lililozama nusu mchangani huweza kuchakaa kuliko pacha wake aliyekaa juu.

Hapo ndipo zinapohitajika saa mbili. Jiwe likiwa angani hupigwa na miale inayozalisha ndani yake kaboni-14. Likishaanguka, angahewa hulikinga, na kaboni hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730. Kilichobaki hueleza lilianguka lini. Saa ya pili ni gesi kama neoni, ambazo miale hiyo huziacha ndani ya jiwe na hazipungui. Hizo hueleza lilisafiri muda gani.

Saa moja haitoshi. Kondraiti nyingi za kundi la H zilisafiri miaka milioni 7 hadi 8, lakini zilitua duniani nyakati tofauti kabisa.

Mfano mzuri ni mawe ya Oman yaliyotoka Mirihi. Sayh al Uhaymir 005, yenye kilo 1.3, na 008, yenye kilo 8.6 hivi, yaliokotwa mwaka 1999. Madini yao yanalingana, na yote yalirushwa kutoka Mirihi kati ya miaka milioni 1 na 2 iliyopita. Yanahesabiwa kuwa anguko moja. Dhofar 019, iliyookotwa mwaka 2000, nayo ni ya Mirihi na ina olivini, lakini ilirushwa yapata miaka milioni 20 iliyopita. Nchi moja, sayari moja, lakini safari mbili.

Kwa nini tujali? Kwa sababu anayetaka kujua vimondo vingapi huanguka duniani hahesabu mawe, anahesabu maanguko. Bila kuwatambua ndugu, anguko moja la mawe 3,400 lingehesabiwa mara 3,400. Na ushahidi wa mahali ukipotea haurudi. Jiwe likiokotwa na kuuzwa bila kuandikwa lilipolala, maabara itaweza kusema ni la aina gani, ila haitaweza kulirudisha penye nafasi yake ndani ya lile yai.

Basi tukienda kupiga kambi jangwani, tukaona jiwe jeusi lisilofanana na wenzake, tusilitie mfukoni. Tulipige picha palepale, tuandike latitudo na longitudo, kisha tuwajulishe wahusika. Huenda ndugu yake yuko kabatini tayari, ana namba, anasubiri kutambuliwa.