Fahamu: Kwa nini pepopunda bado huua watoto wachanga

Mtoto huzaliwa mzima, hunyonya vizuri siku mbili za kwanza. Kisha, mara nyingi ndani ya wiki mbili, taya hukaza, anashindwa kunyonya, na mwili unakakamaa kila anapoguswa. Ni pepopunda. Bila matibabu ya hospitali, karibu wote hufa.

Bakteria wake hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na hupenya kupitia kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu au kupakwa majivu au samadi. Ndiyo maana ugonjwa huu hauwezi kufutwa duniani kama ndui: udongo hauchanjwi.

Anayechanjwa ni mama. Kinga yake humfikia mtoto kabla hajazaliwa. Mjamzito ambaye hajawahi kuchanjwa huhitaji sindano mbili, zikipishana angalau wiki nne, ya pili ikitangulia uzazi kwa wiki mbili au zaidi.

Mwaka 1988, Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo 787,000 vya wachanga kutokana na ugonjwa huu; mwaka 2018, takriban 25,000. Tanzania ilithibitishwa kuutokomeza mwaka 2012, maana yake chini ya mgonjwa mmoja kwa kila vizazi hai 1,000 katika kila wilaya. Si sifuri, na kliniki ikikosa chanjo, ugonjwa hurudi.