Saratani ya ngozi si ya watalii pekee: geuza unyayo uutazame

Mjomba wangu alivua samaki Takaungu kwa zaidi ya miaka 30. Alikuwa mweusi wa kung'aa, mwenye kuvua shati akiingia chomboni na kulivaa akirudi nchi kavu, na jua halikuwahi kumfanya lolote ambalo sisi tuliweza kuliona. Ndiyo maana daktari alipotuambia kuwa ana saratani ya ngozi, binamu yangu aliuliza mara mbili kama lile faili si la mtu mwingine. Saratani ya ngozi sisi twaijua ni ya watalii, wale wanaolala ufuoni Diani na Watamu mpaka wakawa wekundu kama kamba waliochemshwa.

Doa lenyewe halikuwa mgongoni wala usoni. Lilikuwa chini ya unyayo wa kushoto, karibu na kisigino, jeusi, dogo kama punje ya mtama. Siku ya Idi nilimwona akichechemea, nikamuuliza.

"Si kitu, mpwangu," akanambia. "Nilikanyaga mwamba. Ni damu imevilia tu."

Damu iliyovilia huondoka kwa wiki chache. Hii haikuondoka. Mwaka uliofuata lilikuwa kubwa kuliko sarafu ya shilingi kumi, lina kingo zisizolingana, na katikati lachuruza maji. Alipaka mafuta ya karafuu, akapaka asali, akafunga majani aliyopewa na mzee mmoja. Alikwenda zahanati moja mara tatu, na mara zote tatu akapewa vidonge na bandeji. Hakuna aliyemuuliza kidonda hicho kina muda gani. Alipotoka mtoki kinenani ndipo tulipompeleka hospitali kubwa, na kipande kilipokatwa na kupimwa jibu likaja: melanoma, na tayari imepanda kwenye tezi. Alifariki miezi minane baadaye. Allah amrehemu.

Mimi si daktari, nina diploma ya uanahabari tu. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuwauliza madaktari, na niliyojifunza ni tofauti kabisa na tunayoambiana barazani.

Tuanze na jua. Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, kwa hivyo mchana jua liko utosini karibu mwaka mzima. Kinachoharibu ngozi si joto unalolihisi bali ni mionzi isiyoonekana kwa jicho, ile iitwayo mionzi ya urujuanimno. Shirika la Afya Duniani lina kipimo chake, na kikifika 11 huhesabiwa kuwa kimepindukia. Huku kwetu kufika hapo adhuhuri ni jambo la kawaida. Mawingu ya masika hayaizuii yote. Mchanga mkavu wa pwani hurudisha juu asilimia 15 hivi ya mionzi hiyo na povu la bahari asilimia 25, ndiyo maana mtu anaweza kuunguzwa hali amekaa chini ya mwavuli.

Mwenyezi Mungu ametupa pazia. Rangi ya ngozi, melanini, huimeza mionzi hiyo kabla haijafika ndani kwenye seli na kuvuruga maagizo ya kukua kwake. Mzungu ana pazia jepesi, sisi tuna zito. Kwa hivyo ni kweli kuwa saratani ya ngozi kwetu ni chache sana kuliko kwao. Kosa letu ni kuchukua neno "chache" tukalifanya "hakuna".

Kwa mtu mweusi saratani hii hujificha mahali ambapo hata mwenyewe hatazami. Melanoma, ambayo kwa mzungu hutokea sana mgongoni au mguuni, kwetu hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Hapo jua halifiki na pazia lenyewe ni jepesi. Jua halikumuua mjomba wangu. Vijana wanaopenda rege huenda hawajui kuwa huu ndio ugonjwa uliomuua Bob Marley. Mwaka 1977 alikutwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, kidole ambacho watu walidhani kimeumizwa na mpira. Alikataa kukatwa kidole. Mei 1981 alifariki, umri miaka 36.

Kuhusu kucha yafaa niseme zaidi, maana hapa watu huogopa bure au hupuuza. Wengi wetu tuna mistari myeusi kwenye kucha, hasa tukizeeka, na ikiwa iko kwenye kucha kadhaa kwa kawaida haina neno. Wa kutiliwa shaka ni mstari ulio kwenye ukucha mmoja pekee, hasa wa dole gumba la mkono au la mguu, unaozidi kupanuka, au weusi wake ukavuka ukucha na kuingia kwenye nyama ya pembeni. Huo usiusubiri.

Aina nyingine ndiyo inayoongoza kwa watu weusi, nayo hutokana na seli za juu za ngozi. Hii hupenda kuota juu ya kovu la zamani: mahali ulipoungua moto utotoni, au donda la mguu lililokaa miaka likifunga na kufunguka. Kovu lililotulia miaka 20, ghafla likapasuka, likaota nyama na kutoa harufu, si "donda limeamka" kama tunavyosema. Nenda likapimwe. Na kuna ya jichoni. Wavuvi na wakulima wetu wengi wana kinyama kwenye weupe wa jicho. Vingi havina madhara makubwa, lakini Afrika Mashariki ni miongoni mwa sehemu ambazo saratani ya hapo yaonekana sana. Jua lina mkono wake, na virusi vya Ukimwi pia. Kinyama kinachokua haraka kikatwe na mtaalamu wa macho, kisha kipelekwe maabara, kisitupwe tu kwenye ndoo.

Sasa nije kwa ndugu zetu ambao hawana pazia kabisa.

Mtu mwenye ualbino amerithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, wote wawili, ambao wenyewe huwa weusi kama wewe na mimi. (Kwa hivyo yale maneno ya mama kutoka nje ya ndoa ni dhambi tu ya kumsingizia mwanamke.) Kwa jirani zetu Tanzania hukadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino, ilhali Ulaya na Marekani Kaskazini ni 1 kati ya 17,000 hadi 20,000. Umoja wa Mataifa wasema kuwa katika baadhi ya nchi wengi wao hufa kwa saratani ya ngozi wakiwa na miaka kati ya 30 na 40. Huku twazungumza sana juu ya wale wanaowawinda kwa ushirikina, na ni haki tuzungumze. Lakini jua laua wengi zaidi, na hufanya hivyo kimyakimya.

Mtaani kwetu kuna kijana wa miaka tisa mwenye ualbino. Shule yake, ambayo sitaitaja, ilikuwa ikimvua kofia kila asubuhi kwenye gwaride kwa sababu kofia si sare. Mamake alikwenda mara tatu kuomba. Mara ya tatu alikwenda na barua ya daktari wa ngozi, na wakati huo masikio ya mtoto yalikuwa tayari yana mabaka makavu yenye magamba, na mdomo wa chini umepasuka. Mabaka kama hayo bado si saratani, lakini ndiyo mlango wake. Alichomwa kwa gesi baridi kali, dakika chache tu, akarudi nyumbani. Sasa huvaa kofia ya ukingo mpana na shati la mikono mirefu, na mwalimu amemweka mbali na dirisha.

Hapa niwaguse na waalimu wetu wa madrasa. Kofia zetu, hata iwe ya vito ya bei gani, haina ukingo. Hufunika utosi, ikaacha masikio, shingo na uso, na hapo ndipo saratani nyingi za watu wenye ualbino zinapoanzia. Mtoto kama huyu akiingia darasani na chapeo ya ukili juu ya kofia yake msimcheke. Kanzu ni nzuri, kilemba kinachoshuka shingoni ni kizuri zaidi, na buibui la binti ni kinga tosha mwilini, likabaki suala la uso na mikono.

Mafuta ya kukinga jua ni ya mahali ambapo nguo haifiki. Yawe na namba ya SPF 30 au zaidi, yapakwe kabla ya kutoka na tena kila baada ya saa mbili, pamoja na masikio, midomo na nyuma ya shingo. Kutoka saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri ni heri kivuli. Dukani mafuta haya ni ghali, lakini serikali ina mpango wa kuyatoa bure kwa watu wenye ualbino kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Sharti ni kujisajili. Nimekutana na mzazi ambaye hakumsajili mwanawe kwa kuona aibu ya neno "ulemavu". Namwelewa, lakini ngozi ya mtoto haijui aibu. Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, mafuta ya aina hiyo yalianza kutengenezwa huko huko kwa ajili ya watu wenye ualbino, na sioni kwa nini Pwani tushindwe.

Je, na sisi weusi tupake? Maoni yangu: ukipenda paka, hayadhuru, na husaidia uso usiwe na madoa. Lakini usitoe pesa za mafuta ukaacha kutazama nyayo. Kwa mtu mweusi faida kubwa iko kwenye kutazama. Jambo moja tu hulitoboa pazia letu kwa mikono yetu wenyewe, nalo ni krimu za kujichubua. Zamani bibi harusi alisingwa kwa liwa, akatoka ananukia na rangi yake ni ile ile. Siku hizi wiki mbili kabla ya harusi anapakwa mchanganyiko usiojulikana. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi humu nchini, na bado zauzwa chini ya meza. Huondoa ile melanini, hufanya ngozi nyembamba, na zebaki hupita hadi kwenye figo.

Kutazama kwenyewe hakuna gharama. Sisi twaosha miguu mara tano kwa siku kwa ajili ya udhu, twapitisha vidole kati ya vidole, lakini ni wangapi huugeuza unyayo wakauangalia? Mara moja kwa mwezi tosha. Asiyeweza kuinama atazamwe na mke, mume au mtoto. Unatafuta doa jipya au linalobadilika, lenye rangi zaidi ya moja, kingo zilizochongoka, linalotoka damu bila kuguswa, na kidonda chochote ambacho hakijapona kwa wiki nne. Ukienda kituo cha afya sema muda kabla ya kusema maumivu, kwa sababu saratani hii mwanzoni haiumi, na asiyeuliza muda atakupa vidonge.

Kisha watu huniambia, "Ukiigusa kwa kisu ndiyo huilipua." Imani hii imewaua wengi. Walioonekana kufa baada ya kisu ni wale waliofika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Kukata kipande na kukipeleka maabara hakuenezi saratani, na bila kipande hakuna daktari awezaye kujua ni nini. Melanoma hupimwa kwa unene. Ikiwa chini ya milimita 1, mara nyingi hukatwa pamoja na ngozi kidogo iliyo salama pembeni, na kwa wengi mambo huishia hapo. Ikipita milimita 4, hatari ya kuwa imesafiri ni kubwa. Yule mjomba alikaa na milimita hizo zaidi ya mwaka mzima. Ile ya kwenye makovu na ya watu wenye ualbino nayo hukatwa, pengine ngozi ya paja ikachukuliwa kuziba pengo, na mionzi ya tiba ikaongezwa palipo na haja. Dawa mpya za kuamsha kinga ya mwili zipo kwa melanoma iliyoenea, ila bei yake si ya mvuvi. Hospitali Kuu ya Pwani, ile tunayoiita Makadara, ina kitengo cha saratani, na kwa hivyo kila safari si lazima iwe ya Nairobi. Jisajili SHA ukiwa mzima, si siku ya kulazwa.

Mamangu, dadake yule marehemu, ana umri wa miaka 71. Kila mwezi ukiandama humkalisha barazani nikamtazama nyayo kwa tochi ya simu, yeye akilalamika kuwa namfanya mgonjwa. Mwezi uliopita niliona doa jeusi chini ya kidole cha pili, halikuwapo kabla. Moyo ulinipasuka. Akanitazama, akacheka mpaka machozi: kulikuwa na harusi kwa jirani, na lile lilikuwa piko. Nikamwambia tangu leo nyayo zitazamwe kabla ya hina, si baada. Wiki ya pili lilikuwa limefifia, ya tatu halipo.