Kartoni inayogeuka makala: namna ya kupima merkiri ndani ya maji

Mtu aliyefika Kamituga ao Mongbwalu anajua kazi ya merkiri. Mchimbaji anaimwaga ndani ya mchanga uliooshwa, nayo inashika vipande vidogo vidogo vya dhahabu. Kisha inachomwa, inapanda na moshi, dhahabu inabaki. Lakini sehemu ingine ya merkiri inatoroka na maji mpaka mtoni. Mama anayechota kule chini hawezi kuiona. Maji yake yanaweza kuwa meupe, bila harufu wala ladha, na kuyachemsha hakusaidii, kwani merkiri si mikrobe.

Ili kujua, inapaswa kupima. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema maji ya kunywa yasipite mikrogramu 6 za merkiri kwa lita. Ni kidogo sana: gramu moja peke yake inatosha kufikisha mapipa zaidi ya 800 ya lita 200 kwenye kiwango hicho. Kuona kitu kidogo namna ile kunaomba laboratwari yenye mashine za bei kali, umeme usiokatika na watu waliosomea kazi. Njo maana watafiti wa inchi mbalimbali wanatafuta njia ingine: kipimo kilichochorwa juu ya karatasi kwa mwanga wa leza.

Msingi wake kila jiko linaujua. Mti ukichomwa kwa hewa nyingi, unabaki majivu. Ukichomwa kwa hewa kidogo, unapata makala. Karatasi nayo inatoka kwa miti. Leza ya gazi karboniki, ile mafundi wanatumia kukata mbao na kuchora mihuri, inatoa mwanga ambao jicho halioni, na inapasha moto fasi ndogo sana kwa muda mfupi sana. Kompyuta inaiongoza juu ya kartoni, nyuma yake unabaki mstari mweusi. Makala ya jikoni hayapitishi umeme vizuri. Ule mstari unapitisha, sababu moto mkali wa leza unapanga kaboni kwa tabaka nyembamba, zile wanasayansi wanaita grafini.

Mwaka 2014, kundi la James Tour katika chuo kikuu cha Rice, Houston, Marekani, lilitangaza kwamba limefanya grafini kwa leza juu ya plastiki ya aina fulani. Mwaka 2017, wanakemia wa Brazil, kati yao William de Araujo na Thiago Paixão, wakachora juu ya kartoni, kwa leza tu, bila kuongeza dawa yoyote. Mwaka uliofuata kundi la Tour likaonyesha kwamba hata nguo na mkate vinakubali.

Si kazi ya kubonyeza tu. Leza ikizidi nguvu, karatasi inatoboka ao inashika moto. Ikipungua, mstari unakuwa wa kahawia na umeme haupiti. Wengine wanasogeza karatasi kidogo ili mwanga usikutane fasi moja, wengine wanapitisha leza mara mingi kwa nguvu ndogo, ao wanalowesha karatasi kwanza na dawa ya kuzuia moto.

Kipimo chenyewe kina mistari mitatu, inaitwa elektrodi. Mmoja unapakwa rangi yenye feza. Pembeni wanazungusha kitu kinachozuia maji, hata verni ya kucha inatosha, ili tone lisisambae kwenye karatasi yote. Wagonjwa wa sukari wanajua tayari kitu cha namna hii: kile kikaratasi ambacho muganga anawekea tone la damu, kisha kamashine kanaandika namba. Kamashine kale kanasoma umeme.

Kwa merkiri, elektrodi inapakwa dhahabu kidogo. Ndiyo, dhahabu. Kile kinachofanya mchimbaji atumie merkiri, yaani hivi viwili vinapendana, kinafanya kazi hapa kwa upande wa pili: dhahabu inakamata merkiri iliyo ndani ya maji. Mashine inavuta merkiri juu ya elektrodi kwa dakika chache, kisha inageuza umeme ili iachilie. Umeme unaotoka wakati ule unaonyesha ilikuwa ngapi.

Basi, je, ni bei rahisi kweli? Kartoni, ndiyo. Lakini feza, dhahabu, asidi ya kutayarisha maji, na ile mashine ya kusoma, vyote vinanunuliwa. Tena karatasi haifanani na ingine: kila fungu linapaswa kujaribiwa kwanza na maji ambayo merkiri yake inajulikana, la sivyo namba inayotoka ni ya kudanganya. Fundi mwenye leza anaweza kuchora elektrodi mia kwa siku. Kuzihakikisha kunaomba mwanakemia.

Na kuna merkiri ambayo kipimo hiki hakiigusi. Ile iliyogeuka ndani ya matope ya mto na kuingia ndani ya nyama ya samaki ni ya aina ingine, inaomba laboratwari kubwa. Ule moshi unaopanda wakati wa kuchoma hauingii ndani ya tone la maji. Mtu anayeichomea nyumbani, watoto wakiwa karibu, anaweza kupima kisima chake, akikute kizuri, na bado akaivuta kila siku kwa pua.