Mwanasheria Mkuu wa Jiji la New York

Mwanasheria Mkuu wa Jiji la New York ni afisa anayeongoza Idara ya Sheria ya serikali ya jiji la New York nchini Marekani. Ndiye wakili wa jiji mahakamani na mshauri wa sheria wa meya na wa idara zote za jiji. Huteuliwa na meya, na tangu kura ya maoni ya Novemba 2019 uteuzi huo hupaswa kuidhinishwa na Baraza la Jiji.

Wakazi wengi wa jiji hawamjui kwa jina, lakini maamuzi ya ofisi yake yanawagusa. New York ina watu zaidi ya milioni 8, na katika miaka ya karibuni imelipa zaidi ya dola bilioni 1 kila mwaka kwa watu waliolishtaki jiji au kulidai fidia. Mwanasheria huyu hushauri ni kesi gani ipiganwe, ni ipi imalizwe kwa maelewano, na kama jambo analotaka kulifanya meya linaruhusiwa na sheria. Kwa sababu hiyo namna ya kumpata imekuwa suala la siasa, na mwaka 2024 ilizua mvutano mkubwa kati ya meya na madiwani.

Jina la cheo

Kwa Kiingereza cheo hiki hutajwa kwa maneno yenye maana ya "mwanasheria wa shirika". Shirika linalotajwa hapo ni jiji lenyewe. Kisheria jiji ni nafsi inayojitegemea: linaweza kumiliki ardhi, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Jina hilo la kale linakumbusha kwamba mwanasheria huyu aliwekwa kwa ajili ya jiji, si kwa ajili ya mtu anayeliongoza kwa wakati fulani.

Cheo hiki kisichanganywe na vyeo vifuatavyo:

- Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York, ambaye huchaguliwa na wapiga kura wa jimbo zima.
- Waendesha mashtaka wa wilaya, ambao ni 5, mmoja kwa kila sehemu kuu ya jiji (Manhattan, Brooklyn, Queens, Bronx na Staten Island). Hao huchaguliwa na wananchi na ndio wanaoshughulikia kesi za jinai.
- Waendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani, ambao huteuliwa na rais wa nchi.

Kazi

Kwa mujibu wa katiba ya jiji, yaani sheria mama inayopanga serikali yake, mwanasheria mkuu ni wakili wa jiji na wa kila idara yake, na anasimamia shughuli zote za kisheria za jiji. Anasaidiwa na mamia ya mawakili. Kazi zao ni pamoja na:

- kulitetea jiji katika kesi za madai, kwa mfano ajali za magari ya serikali, watu kuanguka kwenye njia mbovu za miguu, na malalamiko dhidi ya polisi au magereza;
- kufungua kesi kwa niaba ya jiji;
- kuandika na kukagua mikataba, hati za mikopo na mauzo ya ardhi;
- kushauri juu ya miswada ya sheria na amri za meya;
- kuendesha mahakamani kesi za watoto wanaotuhumiwa kuvunja sheria.

Mwaka 2018 kwa mfano jiji lilizishtaki kampuni 5 za mafuta, zikiwemo ExxonMobil na Shell, likitaka zilipie gharama za mabadiliko ya tabianchi. Kesi hiyo ilitupwa mwaka huohuo, na mwaka 2021 mahakama ya rufaa ikakubaliana na uamuzi huo.

Mwanasheria mkuu hawezi kutoa fedha za fidia peke yake. Makubaliano ya kumaliza kesi kwa malipo hupitia kwa mdhibiti wa fedha wa jiji, ambaye ni kiongozi anayechaguliwa na wananchi.

Suala la mteja

Wakili wa kawaida anamjua mteja wake. Mwanasheria wa jiji ana mteja asiye na mwili. Jiji huongea kwa kinywa cha meya, lakini pia lina Baraza la Jiji lenye madiwani 51, mdhibiti wa fedha na mtetezi wa umma, wote wakiwa wamechaguliwa na wananchi. Wanapoafikiana hakuna tatizo. Wanapogombana huulizwa: mwanasheria mkuu yuko upande wa nani?

Kwa desturi yeye husimama na upande wa utendaji, yaani meya na idara zake, na Baraza hutumia wanasheria wake lenyewe. Ilikuwa hivyo Februari 2024, Baraza lilipokwenda mahakamani kutaka meya alazimishwe kutekeleza sheria za msaada wa kodi ya nyumba zilizopitishwa mwaka 2023.

Suala lingine linahusu watumishi wanaoshtakiwa. Sheria ya jimbo la New York inaruhusu jiji kumtetea mtumishi na kumlipia fidia endapo alikuwa akitekeleza wajibu wake na hakuvunja kanuni za idara yake. Anayeamua kama masharti hayo yametimizwa ni mwanasheria mkuu. Akikubali, mtumishi hupata wakili kwa gharama ya walipa kodi; akikataa, mtumishi hujitafutia wakili wake. Uamuzi huo ni mgumu zaidi pale anayeshtakiwa anapokuwa askari polisi, msaidizi wa karibu wa meya au meya mwenyewe.

Mabadiliko ya uongozi pia yanaweza kugeuza mwenendo wa kesi. Wanaume watano waliohukumiwa wakiwa vijana kwa shambulio la mwaka 1989 katika bustani ya Central Park walifutiwa hatia mwaka 2002, wakalishtaki jiji mwaka 2003. Chini ya meya Michael Bloomberg na mwanasheria mkuu Michael Cardozo jiji lilipinga madai yao kwa miaka 10. Baada ya Bill de Blasio kuwa meya Januari 2014 na kumteua Zachary Carter, jiji likakubali mwaka huohuo kuwalipa takriban dola milioni 41. Vilevile serikali ya de Blasio iliacha rufaa dhidi ya hukumu ya mwaka 2013 iliyosema kwamba namna polisi walivyokuwa wakisimamisha na kupekua watu barabarani ilivunja katiba ya nchi. Mteja alikuwa jiji lilelile. Waliobadilika ni waliokuwa wakiongea kwa jina lake.

Wanakotoka wanasheria wakuu

Walioshika ofisi hii tangu mwaka 2002 wamepita katika njia tatu.

Njia ya kwanza ni kampuni binafsi za mawakili. Cardozo, aliyehudumu kuanzia 2002 hadi 2013, alitoka katika kampuni kubwa na aliwahi kuwa rais wa chama cha mawakili cha jiji. Mtu wa namna hiyo huja na uzoefu wa kesi kubwa. Hata hivyo mara nyingi mshahara wa serikali ni mdogo kuliko kipato alichokizoea, na orodha ya wateja wake wa zamani inaweza kuleta mgongano wa maslahi.

Njia ya pili ni utumishi wa ngazi za juu nje ya jiji. Carter aliwahi kuwa mwendesha mashtaka wa serikali kuu katika wilaya inayojumuisha Brooklyn. James Johnson, aliyemfuata mwaka 2019, aliwahi kufanya kazi katika wizara ya fedha ya Marekani. Sylvia Hinds-Radix, aliyeshika cheo mwaka 2022, alikuwa jaji wa mahakama ya rufaa ya jimbo.

Njia ya tatu ni kupanda ngazi ndani ya idara yenyewe. Georgia Pestana, aliyeshika ofisi mwaka 2021, na Muriel Goode-Trufant, aliyeingia idarani mwaka 1991, walipita njia hiyo. Faida yake ni kwamba mtu anazifahamu kesi na wafanyakazi. Jambo hilo lilipata uzito baada ya janga la UVIKO-19, idara ilipopoteza mawakili wengi na kesi zikachelewa.

Utaratibu wa uteuzi

Hadi mwaka 2019 meya alimteua mwanasheria mkuu bila kuomba kibali cha chombo kingine. Tume iliyokuwa ikipitia katiba ya jiji ilipendekeza uteuzi huo uwe na idhini ya Baraza. Hoja yake ilikuwa kwamba afisa anayelihudumia jiji zima asitegemee imani ya mtu mmoja tu. Wapiga kura walikubali pendekezo hilo tarehe 5 Novemba 2019, pamoja na mabadiliko mengine ya maadili ya uongozi.

Tangu hapo hatua ni hizi:

1. Nafasi inapokuwa wazi, afisa mwandamizi wa idara hukaimu ili kesi zisisimame.
2. Meya humtafuta na kumchagua mtu. Historia yake, mali zake na uhusiano wake wa kikazi huchunguzwa na idara ya upelelezi ya jiji.
3. Meya hupeleka jina rasmi kwenye Baraza.
4. Kamati ya Baraza inayohusika na kanuni na uteuzi humhoji hadharani. Wananchi na vyama huruhusiwa kutoa maoni.
5. Baraza zima hupiga kura. Kura 26 kati ya 51 zinatosha.

Baraza lina siku 30 za kuamua, zinazohesabiwa kuanzia kikao chake cha kawaida cha kwanza baada ya kupokea jina. Likikaa kimya hadi muda huo upite, anayependekezwa huhesabiwa kuwa ameidhinishwa. Kanuni hii inamzuia meya kuteua apendavyo, na inalizuia Baraza kuua uteuzi kwa kuupuuza tu.

Mabadiliko ya 2019 yaligusa namna ya kuingia ofisini, si namna ya kutoka. Mwanasheria mkuu hana kipindi maalumu kinachomlinda, na meya bado anaweza kumwondoa.

Uteuzi wa mwaka 2024

Pestana na Hinds-Radix waliidhinishwa na Baraza. Utaratibu mpya ulipata mtihani wake mkubwa wa kwanza mwaka 2024, Hinds-Radix alipojiuzulu. Goode-Trufant alianza kukaimu mwezi Juni, na mwishoni mwa Julai meya Eric Adams alipeleka rasmi jina la Randy Mastro, wakili mashuhuri aliyekuwa naibu meya katika miaka ya 1990 chini ya Rudy Giuliani.

Madiwani wengi walikuwa wameanza kumpinga tangu jina lake lilipotajwa kwenye vyombo vya habari miezi kadhaa kabla. Walitaja kazi yake katika serikali ya Giuliani na kesi alizowatetea watu dhidi ya sera za jiji. Walitaja pia kwamba aliliwakilisha jimbo jirani la New Jersey katika kesi ya kupinga ada ya magari yanayoingia katikati ya Manhattan. Zaidi ya hayo walihofu kwamba angekuwa wakili wa meya kuliko wa jiji. Waliomuunga mkono walijibu kwamba wakili hahukumiwi kwa sababu ya wateja wake, na kwamba jiji linahitaji mtu mwenye uzoefu wa kesi ngumu.

Mahojiano ya hadharani yalifanyika tarehe 27 Agosti na kuchukua saa nyingi. Ilipokuwa wazi kwamba kura hazitatosha, Mastro alijitoa tarehe 10 Septemba, kabla ya Baraza kupiga kura. Meya akamgeukia Goode-Trufant, ambaye aliidhinishwa Desemba 2024. Mwaka 2025 Mastro aliingia serikalini kama naibu meya wa kwanza, cheo ambacho hakikuhitaji idhini ya Baraza.

Tarehe 26 Septemba 2024 Adams alifunguliwa mashtaka ya jinai katika mahakama ya serikali kuu. Alitetewa na mawakili wake binafsi, na mashtaka yalifutwa na jaji Aprili 2025. Tukio hilo lilionyesha mpaka wa kazi ya Idara ya Sheria: kesi ya namna hiyo ilikuwa ya mtu binafsi, si ya jiji.

Katika miji mingine ya Marekani

Hakuna utaratibu mmoja nchini Marekani. Los Angeles, San Diego na San Francisco humchagua mwanasheria wa jiji kwa kura za wananchi. Hapo anakuwa huru zaidi mbele ya meya, lakini naye analazimika kufanya kampeni na kutafuta michango. Chicago na Houston hufuata njia inayofanana na ya New York: meya huteua na baraza huidhinisha. Katika miji inayoendeshwa na meneja wa kuajiriwa, mara nyingi baraza lenyewe humwajiri mwanasheria. Miji midogo mingi haiwezi kumlipa wakili wa kudumu, hivyo huingia mkataba na kampuni ya mawakili inayohudumia miji kadhaa kwa wakati mmoja.

Kila njia inaamua nani anaweza kumwambia meya "hapana" bila kuhofia kibarua chake. Anayechaguliwa na wananchi hujibu kwao. Anayeajiriwa na baraza hulitazama baraza. Mfumo wa New York umechukua njia ya kati: mwanasheria hufanya kazi kwa karibu na meya, lakini kabla ya kuanza anapaswa kuwaridhisha watu wengine 26 waliochaguliwa na jiji hilohilo.

Tazama pia

- New York (mji)
- Meya
- Wakili
- Mgongano wa maslahi