Juu ya nini rumba ya huzuni inachezwa?

Mi ni mtu wa agronomi, muziki sikuisomea. Lakini hapa Bule, jioni, redio ya jirani kambini ikipiga rumba ya zamani, wazee wananyamaza, kisha mmoja anaanza kutikisa mabega. Wimbo unalilia mpenzi aliyeenda, sasa mbona watu wanacheza?

Jibu la kwanza liko katika namna rumba imejengwa. Mwanzo unaenda pole: mwimbaji anaeleza maumivu, anamuita mpenzi kwa jina, sawa na mtu anayeandika barua. Kisha magitaa yanafunguka, njo sebene: maneno yanapunguka, miguu inachukua kazi. Huzuni inasemwa kwanza, nyuma mwili unapata kupumua.

Jibu la pili ni historia. Tangu miaka ya 1930, sahani za Kuba zilifika Léopoldville na midundo ambayo watu wetu waliotiwa utumwani walivuka nayo bahari. Mwaka 1948 Wendo Kolosoy, pamoja na mpiga gitaa Henri Bowane, alirekodi «Marie-Louise». Mji ulikuwa unajaa vijana waliotoka mbali kutafuta kazi, na mtu aliye mbali anasikia wimbo wa mapenzi kwa masikio mawili: moja la mpenzi, moja la kwao. Argentina ilikuwa vile vile. Mwaka 1917, katika Buenos Aires iliyojaa wahamiaji, Carlos Gardel alirekodi «Mi noche triste», tango ya mwanaume aliyeachwa. UNESCO iliandikisha tango mwaka 2009, na rumba ya Kongo zote mbili mwaka 2021.

Mi pia nilikuwa na mchumba. Vita ya Djugu ilitutawanya: familia yake ilivuka Ziwa Albert kuenda Uganda, na namba yake haipite tena. Tangu hapo nasikia «Mabele» ya Simaro Lutumba, ile Sam Mangwana aliimba mwaka 1974, kwa namna ingine. Mabele, kwa Kilingala, ni udongo. Sisi watu wa shamba tunajua: ukihamisha mche, acha udongo kidogo kwenye mizizi. Ukiuosha wote, mche unaweza kunyauka hata kama unamwagilia kila siku. Nafikiri nyimbo hizi njo ule udongo kidogo.

Kwa hiyo, wandugu, siku mutaenda kambini na fishi za kuhoji watu, mutauliza hekta ngapi, mbuzi ngapi, watoto ngapi. Ni vizuri. Ongezeni swali moja: baba, mama, ni wimbo gani mulicheza siku ya ndoa yenu? Mi niliuliza mama mmoja. Alianza kuimba paka polepole, na kabla ya kumaliza alikuwa amenitajia kijiji chake, shamba lake, na mti wa avoka nyuma ya nyumba.